Fulani bin Fulani, Fundi Mkuu wa Pampu

Ipo nchi moja, na msiniulize ni ipi kwa sababu nina watoto wanaosoma huko, ambayo serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi. Inawapenda hivi kwamba kila wakiomba kitu huwapa kingine kilicho bora zaidi. Wakiomba zahanati hupewa jiwe la msingi la zahanati. Wakiomba barabara hupewa wimbo kuhusu barabara. Wakazi wa mji wa Kilambo waliomba maji, wakapewa Kampuni ya Taifa ya Maji Safi, jengo la ghorofa nne lenye vioo vya bluu. Kwa bahati tu, nyuma ya jengo hilo kulikuwa na pampu.

Pampu ndiyo iliyoleta maji. Aliyekuwa akiiwasha ni mwanamke mmoja aitwaye Somoe Makwinya, na yeye alikuwa kibarua.

Kibarua kwa miaka tisa! Mashine yenyewe ilikuwa ya dizeli, kongwe kuliko Mkurugenzi, na haikuwaka kwa mtu yeyote tu. Ilibidi kwanza uitoe hewa kwenye paipu ya mafuta, uipashe kichwa kwa maji ya moto, kisha uzungushe hendeli huku umeegemeza bega ukutani. Haya yote Somoe alifundishwa na fundi mkuu wa zamani, Mzee Ligomba, ambaye siku ya kustaafu alimwachia funguo akaenda zake kulima mihogo. Nafasi ya Fundi Mkuu ikabaki wazi. Kila mwaka Somoe aliandika barua ya kuiomba, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaipeleka masjala, na kila mwaka akaambiwa asubiri.

Kampuni ilikuwa na desturi yake. Bahasha ya kaki peke yake haikuwa barua. Barua ilikuwa ile iliyobanwa kwa pini na kimemo, kijikaratasi kutoka kwa mkubwa kilichoandikwa, "Mtazame huyu, ni kijana wetu." Wenye vimemo waliajiriwa kuwa maafisa wa maji, wasaidizi wa maafisa wa maji, na maafisa wa kuwasaidia wasaidizi. Bahasha za Somoe hazikuwa na kimemo. Mwaka wa sita alinunua karanga sokoni, akala, akakunjua karatasi zilimofungwa, akakuta mwandiko wake mwenyewe: "Kwa heshima na taadhima, naomba nafasi ya..." Hakulia. Aliikunja akaitia mfukoni, na kesho yake alfajiri akaiwasha pampu kama kawaida. Hasira iliyompanda siku ile hakumwambia mtu, na mimi naona hapo ndipo alipokosea.

*

Mwaka wa tisa Kampuni ikaamka. Ikatangazwa kwamba ajira zote sasa zitapitia mtandaoni, katika Mfumo wa Taifa wa Kuajiri Bila Kuonana. Hema likasimikwa mbele ya jengo, bendi ikaletwa, na Waziri wa Maji, Mheshimiwa Dakta Injinia Likunguni, akaja na magari kumi na mawili kuzindua kompyuta moja.

"Ndugu wananchi," alianza, "karatasi imekufa!"

Makofi.

"Karatasi ndiyo iliyokuwa na mjomba! Karatasi ndiyo iliyokuwa na shangazi! Kompyuta haina mjomba! Kompyuta hainywi chai! Kompyuta haimjui mtu!"

Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni, Bwana Shangali, ambaye amemwoa binamu yake Waziri, alipiga makofi mpaka saa ikamchomoka mkononi. Kisha bahasha zote za kaki zilizokuwa masjala zikatiwa kwenye pipa, zikamwagiwa mafuta ya taa, zikachomwa hadharani. Barua ya tisa ya Somoe ilikuwa humo. Aliiona ikijikunja.

Ikafika zamu ya kuonyesha mfumo unavyofanya kazi. Mtaalamu aliyeujenga alimkaribisha Waziri kwenye kiti.

"Mheshimiwa, tuseme kwa mfano yupo mwombaji. Tumwite nani?"

"Mwite Fulani."

"Fulani nani, Mheshimiwa?"

Waziri akafikiri. "Bin Fulani."

Akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Umri akaweka miaka ishirini na minne, kwa kuwa vijana ndio taifa. Uzoefu akaweka miaka thelathini, kwa kuwa uzoefu nao ni muhimu. Penye elimu akatia alama visanduku vyote, kuanzia chekechea hadi uzamivu. Penye dini pia akatia vyote, akasema serikali yake haibagui. Kamera ilipotaka picha ya mwombaji ikapiga picha ya pazia. Penye mdhamini akaandika jina lake yeye mwenyewe, na penye kazi anayoomba akachagua iliyokuwa juu kabisa ya orodha: Fundi Mkuu wa Pampu, Kilambo. Akabonyeza. Kompyuta ikaandika HONGERA, bendi ikalipuka, na watu wakacheka kwa furaha. Hata Somoe, aliyekuwa amesimama nyuma na vibarua wenzake, alicheka. Alidhani ni mfano.

Kabla ya kuondoka Waziri alitoa agizo dogo. Kibarua yeyote ambaye mfumo hautamkubali hadi mwisho wa mwezi asionekane tena getini.

*

Somoe akaenda steshenari, akakaa mbele ya kompyuta ya kukodi, akaanza kujiandika.

Mfumo ulitaka chuo alichosomea. Akaandika, "Nimefundishwa na Mzee Ligomba." Mfumo ukajibu kwamba chuo hicho hakina usajili. Ukataka mdhamini, na penye mdhamini palikuwa na nyota nyekundu, maana yake huwezi kupita hivi hivi. Akamwandika Mzee Ligomba. Mfumo ukasema mdhamini amestaafu. Akakaa, akafikiri, akaandika Mwenyezi Mungu. Mfumo ukazunguka kwa muda mrefu, kisha ukajibu: "Mdhamini huyu hayumo katika orodha ya viongozi wanaotambulika na Kampuni. Tafadhali chagua mwingine."

"Astaghafirullah," akasema mwenye steshenari, akazima sauti ya kompyuta.

Ikashuka orodha ya wanaotambulika. Juu alikuwa Waziri, chini yake Mkurugenzi, chini yao wake zao. Mwisho kabisa paliandikwa "Wengineo". Somoe akachagua Wengineo. Hapo mfumo ukamwagiza aichapishe fomu, aipeleke ofisini igongwe muhuri, aisaini kwa wino wa bluu, halafu airudishe mtandaoni.

Akaipeleka kwa Afisa Utumishi, Bwana Ndimbo. Ndimbo alipoiona alirudisha kiti nyuma kama mtu aliyewekewa nyoka mezani.

"Dada Somoe, hiyo ni karatasi."

"Ndiyo. Nigongee muhuri."

"Ofisi hii haipokei karatasi. Hukumsikia Mheshimiwa?"

"Nilimsikia. Lakini mfumo wenu ndio umeniambia nilete."

"Mfumo uko sahihi kabisa."

"Sasa muhuri utaugonga wapi?"

"Kwenye karatasi. Muhuri haugongwi hewani, dada yangu."

"Basi gonga kwenye hii."

"Hiyo siwezi kuipokea, ni karatasi."

Walizunguka hivyo mpaka saa ya chai. Mwishowe Somoe akaweka mikono yote miwili juu ya meza, mikono yenye mafuta meusi ya mashine yasiyotoka hata kwa sabuni ya magadi.

"Bwana Ndimbo, asubuhi ulikoga?"

"Nilikoga, swali gani hilo?"

"Ulikoga maji ya mikono hii. Nigongee."

Ndimbo akatazama mlangoni. Akagonga muhuri huku uso ameugeuzia dirishani, ili akiulizwa aweze kuapa kwamba hakuona karatasi yoyote.

Fomu ikarudi mtandaoni, na siku ya tatu majibu yakaja kwenye simu ya Somoe. Alikuwa amepata alama kumi na moja kati ya mia. Mfumo haukumnyima maelezo: "Elimu: haipo. Uzoefu: haukuthibitishwa. Ari: hafifu. Mwombaji tayari anaifanya kazi hii, hivyo haonyeshi hamu ya kuitafuta."

Aliisoma amesimama kwenye chumba cha pampu, mashine ikinguruma nyuma yake. Mashine aliyoiwasha yeye.

*

Mwombaji mmoja tu ndiye aliyepata alama mia kwa mia. Ndimbo alipoliona jina lake alipanda ngazi mbio hadi kwa Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, kuna tatizo. Aliyeshinda ni yule wa mfano."

"Mfano gani?"

"Fulani bin Fulani. Hayupo, Mkurugenzi. Ni yule wa siku ya uzinduzi. Nilitaka nimfute."

Bwana Shangali akavua miwani. "Nani alimwandika?"

"Mheshimiwa Waziri."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa kidole chake."

"Na mdhamini wake ni nani?"

"Mheshimiwa Waziri."

"Kwa hiyo wewe, Ndimbo, mwenye watoto watano na nyumba ya Kampuni, unataka kwenda kumwambia Mheshimiwa kwamba amemdhamini mtu asiyekuwepo?"

Ndimbo alisimama pale akiwaza watoto wake mmoja mmoja. "Sikusema hayupo," akasema. "Nimesema sijabahatika kumwona."

Hivyo ndivyo Fulani bin Fulani alivyoajiriwa kuwa Fundi Mkuu wa Pampu. Akapewa nyumba, akapewa namba ya simu ya Kampuni, akapewa buti za saizi ya kati. Somoe akaagizwa amkabidhi kazi. Alikaa kwenye ngazi ya chumba cha pampu tangu alfajiri hadi adhuhuri, funguo mkononi, akimngoja. Ndimbo akaja akazichukua funguo, akabonyeza simu yake, na mfumo ukaandika kwamba Fundi Mkuu amekabidhiwa na ameridhika.

Kesho yake mlinzi alimzuia getini.

"Jina lako halimo, dada Somoe. Usinichukie, mimi nimepewa orodha."

"Nani ataiwasha mashine leo?"

"Fulani."

"Umemwona akiingia?"

Mlinzi akajikuna shingo. "Sijamwona akitoka."

*

Matangi yalivumilia siku mbili. Siku ya tatu mabomba ya Kilambo yakakohoa, yakatema kutu, yakanyamaza.

Katika mfumo, hata hivyo, mambo yalikuwa mazuri kuliko wakati wowote katika historia ya Kampuni. Fundi Mkuu hakuwahi kuchelewa wala kuugua wala kuomba ruhusa ya msiba. Watu walipotuma malalamiko kwamba hakuna maji, mfumo uliyapeleka kwa mhusika, yaani Fundi Mkuu, na kwa kuwa hakuyajibu, ukayahesabu kuwa yametatuliwa. Mwisho wa wiki ya pili Fulani akatangazwa Mtumishi Bora, na picha yake, lile pazia, ikatundikwa mapokezi.

Katika wodi ya wazazi wauguzi walikuwa wakiwapangusa watoto wachanga kwa kanga kavu. Mjini watu wakaanza kuchota kwenye mtaro unaopita nyuma ya machinjio. Somoe alikwenda getini kila siku, akasema hataki cheo, hataki hata kuandikwa, wamwache aingie aiwashe tu. Walimjibu kwa barua pepe kwamba kuingilia kazi ya mtumishi wa kudumu ni kosa la jinai.

Jirani yake alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, Semeni, mtoto mmoja mtundu aliyekuwa akimwita Somoe "Mama Maji". Akaanza kuharisha Jumatatu. Jumatano alikufa.

Maji ya kumkoshea yalitafutwa nyumba kwa nyumba, kikombe hiki, nusu chupa ile. Somoe ndiye aliyeishika ndoo, na kila kikombe kilichomiminwa kilimchoma kifuani, kwa kuwa alijua hatua ngapi zilikuwa kutoka pale hadi kwenye hendeli. Mimi nilijiahidi kusimulia hadithi hii kwa upole, lakini hapa sina upole. Walimuua. Walimuua kwa kukaa ofisini wakiogopa kufuta mstari mmoja.

Baada ya mazishi Somoe hakurudi nyumbani. Alichukua ndoo tupu, akaenda mbele ya jengo la vioo, akaanza kuipiga kwa jiwe. Wanawake wa mtaa wakamfuata na ndoo zao. Kufika alasiri walikuwa zaidi ya mia tatu, na neno lao lilikuwa moja.

"Tunamtaka Fulani! Atoke tumwone! Fulani!"

Bwana Shangali alichungulia kupitia pazia, akawapigia simu wakubwa. Kusema ukweli kulijadiliwa kwa muda wa dakika moja, kukaonekana kuna gharama. Saa kumi na moja akatoka na kipaza sauti, amevaa tai nyeusi.

"Ndugu wananchi, ni kwa masikitiko makubwa... Ndugu yetu Fulani hatunaye tena."

*

Nchi ile inajua kuzika. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Waziri akarudi, safari hii na magari ishirini. Jeneza likabebwa na wanaume sita wenye misuli, wakiyumba na kutokwa na jasho kama walivyoagizwa, ingawa ndani yake mlikuwa na zile buti za saizi ya kati. Kwa kuwa marehemu alitiwa alama dini zote, aliombewa na sheikh, padri, mchungaji, na mganga mmoja aliyeletwa kwa tahadhari.

"Nilimwandika kwa mkono wangu huu!" Waziri alisema juu ya kaburi, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. "Alianza kazi akiwa hajazaliwa! Kijana wa miaka ishirini na minne mwenye uzoefu wa miaka thelathini, tutampata wapi mwingine?"

Papo hapo akasaini agizo kwamba nafasi ya Fundi Mkuu wa Pampu, Kilambo, imefungwa milele kwa heshima ya marehemu.

Semeni alikuwa amezikwa hatua chache kutoka hapo. Wapiga picha walisimama juu ya kaburi lake ili wampate Waziri vizuri.

Kisha wageni wakaenda kula wali wa msiba kwenye bustani ya Kampuni. Ulikuwa wali mzuri, wa mafuta mengi, na wakubwa waliula kwa mikono ili waonekane ni watu wa watu. Walipomaliza wakaelekea kwenye mabomba ya kunawia. Wakafungua. Yakatoa hewa.

Bwana Shangali alitoka mbio mwenyewe, funguo mkononi, hadi nyumbani kwa Somoe.

"Dada yangu, mama yangu, njoo uiwashe. Kwa leo tu. Wageni wanataka kunawa."

Somoe akazichukua funguo. Akatangulia, na wanawake wenye ndoo wakaenda nyuma yake. Akatoa hewa kwenye paipu, akaomba maji ya moto kwa wapishi, akaegemeza bega ukutani, akazungusha. Mashine ikawaka. Akafungua koki ya hospitali. Akafungua koki ya mji. Mbali, mtaani, vigelegele vikapanda. Koki ya tatu, ya jengo la vioo, akaiacha imefungwa, akaja kusimama mlangoni.

Waziri akaja, mikono ameitanguliza mbele isiichafue suti, midomo ikimetameta mafuta.

"Wewe ni nani?"

"Somoe Makwinya. Nimewanywesha maji miaka tisa."

"Mbona simjui huyu?" Waziri akamgeukia Mkurugenzi.

"Mfumo ulimkataa, Mheshimiwa."

"Basi mwajirini sasa hivi, afungue."

Bwana Shangali akakohoa. "Nafasi imefungwa milele, Mheshimiwa. Umesaini mwenyewe leo."

"Ifungueni tena!"

"Itabidi tueleze sababu, Mheshimiwa. Itabidi tuandike kwamba marehemu hakuwahi kuwepo."

Waziri aliyatazama mashada ya maua, akawatazama waandishi wa habari, akaitazama mikono yake. "Hilo haliwezekani," akasema. "Nimemlilia."

"Mimi pia nina wangu niliyemlilia," akasema Somoe. "Anaitwa Semeni binti Hamisi. Alikuwepo. Miaka minne alikuwepo, na alikuwa anakunywa maji."

Akaingia ndani, akausukuma mlango, akatia komeo. Wanawake wakaketi mbele ya mlango juu ya ndoo zao.

Kilambo ina maji sasa, asubuhi na jioni. Wakubwa wa Kampuni wananawa kwa maji ya chupa. Mara tatu wamejaribu kumfukuza Somoe, na mara zote tatu mfumo umekataa, ukieleza kwamba mtu ambaye hajaajiriwa hafukuziki. Askari walipoletwa wamtoe kwa nguvu, waliomba waonyeshwe jina la anayetakiwa kutolewa, na jina halikuwemo kwenye orodha yoyote. Waliwakuta wanawake wa zamu wakiwa wamekaa mlangoni na chakula cha Somoe, na miongoni mwao mama yake Semeni, naye hakusimama kuwapisha.